Siri ya kufaulu digrii ya ustawi wa jamii (na ile C yangu ya fildi)

Juzi usiku nimepata meseji ya binti mmoja wa Sakina, Arusha, jina sitaji na ruhusa ya kuinukuu nimemuomba. "Dada shikamoo, nimemaliza fomu siksi HKL nimechaguliwa digrii ya ustawi wa jamii, mama anasema nimepotea bora ningejaza ualimu, nasikia we ulisoma hiyo hiyo na sasa hivi una kazi, naomba unipe siri ya kufaulu."

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma nikacheka, alafu hilo neno siri likanichoma, nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi mpaka chaji ikaisha. Kwa sababu mi digrii yangu nimemaliza na GPA ya 3.4, na mliosoma mnajua 3.4 ni nini, 3.5 ndo unaingia apa sekondi, daraja la pili la juu, kwaiyo nilikosa kwa nukta moja, na hiyo nukta moja mpaka leo najua ilidondokea wapi. Ilidondokea kwenye haisi, daladala ya Kiboriloni hapa Moshi. Nakuja huko.

Kwanza tuwekane sawa kwenye jambo moja maana hasa nyie wa Arusha mnalichanganya sana. Ustawi wa jamii sio maendeleo ya jamii. Mmezoea kukiona chuo cha Tengeru hapo barabarani, kimefundisha maendeleo ya jamii tangu miaka ya sitini, basi mnadhani ni kitu kimoja. Afisa maendeleo ndo yule wa vikundi, ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, wanawake, vijana na wenye ulemavu. Afisa ustawi anakaa na mtu mmoja mmoja na familia yake: mtoto aliyepigwa, mzee aliyetelekezwa wodini, baba aliyegoma kutoa matunzo, kijana aliyekamatwa. Chuo kikongwe cha fani hii ni kile cha Kijitonyama Dar, Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ila siku hizi na vyuo vingine vinafundisha. Mi nilisoma wapi sitasema, mtaelewa mbele kwanini.

Niliingia mwaka wa kwanza 2012. Mama yangu anauza mitumba Kiboriloni, na mkopo wa bodi nilipata nusunusu, kwaiyo ada yangu ilikuwa inatoka kwenye malobota ya mashuka na mapazia. Krismasi ya mwaka huo nikarudi nyumbani kama Wachaga wote, mbuzi ameshachinjwa, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kinapita, baba mkubwa akaniuliza mbele ya ukoo mzima nasomea nini. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini akasema, "Digrii ya kuhurumia watu? Si ungejiunga tu na akina mama wa kanisani, hawalipi ada wale." Watu walicheka, mpaka mama alicheka kidogo. Nilimeza. Ila niseme ukweli, kuna usiku nimesoma mpaka saa nane kwa sababu ya kile kicheko, sio kwa sababu ya kupenda watu, kwaiyo kama na wewe una baba mkubwa wa hivo mtumie, ni mafuta ya taa ya bure.

Mwaka wa kwanza sina la kukusimulia, ni saikolojia, sosholojia, foleni ya bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, na madesa, zile notsi za kurithi, yaliyofifia. Mwaka wa pili ndo tukaanza keswaki, yaani kazi na mtu mmoja mmoja, na humo ndo unakutana na padri Biestek, Mmarekani, aliyeandika mwaka 1957 zile kanuni saba ambazo kila mwanafunzi wa ustawi anazikariri kama sala: kumchukulia kila mteja kama mtu wa peke yake, kumwacha aseme yaliyo moyoni, kudhibiti hisia zako, kumpokea alivyo, kutomhukumu, kumwachia aamue mwenyewe, na ya saba, kutunza siri zake. Kwenye testi nilipata 18 kati ya 20. Nilikuwa naringa nayo ile karatasi, niliipiga picha nikamtumia kaka yangu. Na mwalimu aliniambia mbele ya darasa kwamba ile kanuni ya saba nimeieleza vizuri kuliko wote. Kumbuka hapo.

Julai 2014 nikaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hospitali moja ya hapa Moshi. Nilichagua Moshi ili nilale kwa mama nisilipe chumba, na hilo ni kosa la kwanza, usiende fildi mahali ambapo kila mtu anamjua bibi yako. Wiki ya nne nikapewa kesi yangu ya kwanza kabisa ya peke yangu, mama mmoja kalazwa. Kilichompata sitakieleza. Najua mnataka kujua, hata mi ningetaka, ila hamtakipata hapa.

Ijumaa jioni nimetoka, kuna yale manyunyu ya Julai na baridi, nimepanda haisi na mwenzangu wa fildi, tumebanana siti ya nyuma kabisa, vioo vimefungwa vimejaa ukungu. Na mi nimevimba. Yaani nimepewa kesi! Nikaanza kumsimulia. Jina sikutaja, mi ni msomi bwana, 18 kati ya 20. Nilisema tu "yule mama wa kitanda cha dirishani", nikasema anatokea upande gani, nikasema mume wake anafanya kazi gani, nikasema na kile alichonieleza siku ile huku analia, na sauti yangu nilipandisha kwa sababu konda alikuwa anagonga bodi na redio ipo juu. Mbele yetu alikaa mama mmoja na beseni la nyanya mapajani, kajifunika leso kichwani. Hakugeuka hata mara moja. Nilikuwa nauona mkono wake tu, unazipanga nyanya, unaitoa moja unairudisha pale pale, unaitoa unairudisha.

Tukashuka wote Kiboriloni. Nikamsaidia kushusha beseni, nilikuwa na adabu jamani. Akajitwisha, akaniangalia, akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, huyo unayemsema ni wifi yangu." Akaondoka zake.

Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Nilisimama pale kituoni mvua inaninyeshea mpaka mama akatuma mtoto aje aniulize kama nimeibiwa. Na nikamsimulia mama, yaani nikarudia kosa lile lile ndani ya nusu saa! Mama akanisikiliza akasema mdomo uliponza kichwa, kula ukalale.

Jumatatu nimeingia wodini, yule mteja kaniona akageukia ukutani. Nikamwamkia, kimya. Nikakaa kwenye kistuli dakika kama ishirini naangalia mgongo wake na ile shuka ya bluu. Alikuwa ameshaambiwa, na ukoo mzima ulikuwa umeshaambiwa, na kile kitu alichonieleza mimi peke yangu duniani kikawa kinajadiliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha watu. Alitoka hospitali Jumatano bila kuongea na mtu yeyote wa ofisi yetu. Hakurudi kliniki tuliyompangia. Sijawahi kumuona tena na sijui iliishaje, na hicho ndo kitu kinachonikosesha raha, sio C.

Ila na ile C niliyopata ya fildi nayo inauma, nisijifanye. Supavaiza wangu wa pale, mama mtu mzima wa ustawi wa miaka na miaka, aliniita akaniuliza swali moja tu, "Ulimwambia nani?" Nikasema. Hakunifokea. Akanipeleka kwenye benchi la korido nje ya ofisi akasema utakaa hapa wiki mbili, huandiki, huulizi, huongei mpaka mtu akuongeleshe. Nikaona ananidhalilisha. Wagonjwa wananiuliza choo kiko wapi mi na digrii yangu inayokuja. Lakini siku ya tatu hivi nikaanza kusikia vitu. Mtu aliyekuja kuomba msamaha wa bili, akiwa kwenye foleni anamwambia mwenzake habari nyingine kabisa na ile anayokuja kuisema ndani, na wala haongopi, ni vile mlangoni panatisha na fomu inatisha na wewe una kalamu. Mzee mmoja alikaa na mimi asubuhi nzima kabla hajasema neno, alafu akasema yote kwa dakika tano. Ningekuwa na dodoso langu ningemmaliza kwa maswali, angejibu ndiyo hapana, nikaandika "mteja hatoi ushirikiano".

Basi hiyo ndo siri uliyoomba mdogo wangu. Funga mdomo. Kwenye haisi funga mdomo, hosteli funga mdomo, kwenye grupu la WhatsApp la darasa ndo kabisa, maana siku hizi naona mnatuma mpaka picha za wateja mmewaziba macho mnaandika "leo fildi imenoga". Imenoga kwa nani? Mnamziba macho mtu ambaye gauni lake linajulikana mtaa mzima! Mnanikera kweli, na najua nakereka kwa sababu najiona mimi.

Kitu cha pili ni kuandika. Nilikuwa napeleka ripoti kurasa sita, yule supavaiza anarudisha na kalamu nyekundu pembeni: "Umeona au umedhani?" Niliandika mteja anaonekana ni mlevi, macho mekundu. Akauliza macho mekundu kwa pombe, kwa moshi wa kuni au kwa kulia? Sikuwa nimeuliza. Na usidhani ni ukali wa mwalimu tu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto akifikishwa Mahakama ya Watoto afisa ustawi ndo anaandaa taarifa ya maisha yake, nyumbani kwao kukoje, nani anamlea, na hakimu anaisoma kabla ya kuamua. Hapa Moshi mahabusu ya watoto ipo, na Arusha ipo. Kurasa zako mbili za "anaonekana" zinaweza kuchangia mtoto akakaa humo au akarudi kwao. Andika ulichokiona, andika nani kakwambia, ulichodhani kaa nacho.

Risechi ya mwaka wa tatu niipite haraka maana nikianza nitatukana. Msimamizi wangu wa chuo alikaa na rasimu yangu miezi minne, alafu akaniuliza mada yangu ilikuwa nini vile. Wenzangu wakavaa majoho mi nipo steshenari naprinti sura ya nne kwa mara ya tano. Nimechelewa kumaliza kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi tukikutana ananiita "mwanafunzi wangu wa mfano". Ushauri: kila unachompelekea andika tarehe na mtume kwa imeili, usimwachie karatasi mezani. Basi.

Na kazi? Najua wote mnaosoma hapa mnataka kile nilichotaka mimi, afisa ustawi wa jamii daraja la pili, halmashauri, mshahara tarehe zinajulikana. Nilijaza Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, mpaka paswedi nikawa naiota. Usaili nimefanya mara nne, tatu Dodoma, nalala kwenye basi narudi kwenye mitumba ya mama. Ule wa nne ulikuwa wa kuongea, wakanipa mfano, mteja kakueleza jambo na ndugu zake wamekuja ofisini wanalitaka, utafanyaje. Wenzangu naamini walizitaja zile kanuni saba kwa mpangilio. Mi nikanyamaza kidogo, nikaiona ile beseni ya nyanya, nikaanza kujibu polepole, na nikawaambia pia kwamba siri ina mpaka, mtoto akiwa hatarini hunyamazi, unafungua jalada na unaripoti, ndo maana ile namba 116 ya simu ya mtoto ipo. Nikapata. Baba mkubwa Krismasi iliyofuata alinisogezea kipande cha mguu mwenyewe bila kusema kitu, na mwezi wa pili akaja ofisini kwangu na shida yake. Shida gani? Hahaha, sisemi.

Kwaiyo mwambie mama hujapotea, ila usimwambie kwamba unaenda kusaidia watu, atakuuliza kwa hela gani. Na usiende na ule moyo wa kusaidia saidia, ule ndo ulioniponza, nilitaka ionekane namsaidia mtu. Nenda na daftari na masikio. Soma Sheria ya Mtoto kabla hujafundishwa, fildi chagua mkoa usio na shangazi, na ukipewa kesi ya kwanza shuka kwenye haisi utembee kwa miguu kama unaona inakuwasha mdomoni.

Logibuku yangu ya fildi, lile daftari la kuandika kazi za kila wiki, ninayo bado, jalada limechakaa ila ndani inasomeka na alama nyekundu zote zipo. Ukipata nafasi shuka Moshi nikupe ukakae nayo. Utaona imerukia kutoka wiki ya tatu kwenda ya tano, usishangae, hizo karatasi nilizichoma.