Mwanao akipangwa besi ya kwanza, usinune

Wazazi wenzangu wa Toronto, kila majira ya joto nasikia lalamiko lile lile: kocha kamweka mtoto alinde besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, eti kwa kuwa kocha hana imani na mtoto. Mimi nacheza softboli hapo hapo besi ya kwanza, kwenye ligi ya jioni ya watu waliotoka kazini hoi, na binti yangu yuko besiboli ya watoto. Naomba mnisikilize.

Kweli, wengi huhamishiwa hapo kwa kuwa hawana kasi, au mkono hauna nguvu ya kurusha mbali. Lakini Joey Votto, mtoto wa hapa hapa Toronto, alichukuliwa na Cincinnati Reds, timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mwaka 2002 akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Wakamhamishia besi ya kwanza, na mwaka 2010 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Na kama mtoto wako anatumia mkono wa kushoto, shukuru: nafasi nyingine za karibu na besi karibu zote ni ngumu kwake, hii inampenda.

Kazi yenyewe ni kudaka mpira unaorushwa na mwenzake, mguu ukiwa umegusa besi, kabla mpigaji hajamaliza mbio zake, ambazo kwenye besiboli ya wakubwa ni mita 27 na ushei. Wanaoanza hujinyoosha mapema, kwa kuwa kwenye televisheni inapendeza. Mwambie asubiri. Afike, amgeukie mwenzake anayerusha, alegeze magoti, aone kwanza mpira unaelekea wapi, ndipo anyooshe mguu wa upande wa glavu. Mguu wa pili uguse ukingo wa besi, usikae katikati, mkimbiaji asije akaukanyaga. Mpira ukidunda karibu naye, glavu iwe chini tayari, kisha ipande pamoja na mpira, uso usikwepeshwe. Hili la uso ndilo gumu. Sisi tunatumia mpira wa tenisi kwenye maegesho ya magari: namrushia udunde mbele ya viatu vyake, hauumi, na woga unaisha wenyewe. Mpira ukienda kombo kabisa, aiache besi aufuate. Mkimbiaji kusalimika si kitu, kuliko mpira kupotelea nyuma.

Anayeota kulipwa kwa mchezo huu ajue kwamba besi ya kwanza hulipwa kwa rungu, yaani kwa ustadi wa kupiga. Si lazima homu rani tu, yale mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja, ingawa Votto alizipiga 356. Sifa yake kubwa ilikuwa kuiacha mipira mibaya, iliyorushwa nje ya eneo la kupigwa, ipite, akapewa besi ya bure, yaani kwenda besi ya kwanza bila kupiga. Katika maisha yake yote ya ligi kuu alifika besi zaidi ya mara 4 katika kila zamu 10 za kupiga, na Reds wakampa mkataba mpya wa miaka 10 wa dola milioni 225 mwaka 2012. Mtoto akirudi nyumbani hajapiga hata mpira mmoja, muulize kwanza aliacha mingapi.

Muulize pia hali yake. Votto alifiwa na baba yake 2008, na mwaka uliofuata akakaa nje kwa muda kwa wasiwasi na huzuni nzito, kisha akalisema hadharani. Kwetu mambo hayo tunayafunika sana.

Halafu glavu: ya besi ya kwanza ni ya aina yake, na bei yake inauma. Usikimbilie dukani, kocha huenda anayo ya timu kwenye begi la vifaa.