Baiskeli ya Baba na Mtoto Niliyemlisha Maneno

Juzi Jumapili nimepokea ujumbe wa binti anayesomea ustawi wa jamii, kwao Nachingwea. Kaandika kwa kirefu, lakini kiini chake ni hiki: "Shikamoo dada. Nimekulia kwenye nyumba ya ngumi. Mtu mmoja chuoni kaniambia wenye makovu kama yangu hawafai kukaa na watu waliopatwa na dharura, watalia pamoja nao. Mwingine kasema sisi ndio tunaofaa kuliko wote. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa na swali lako siku tatu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako, na kwa sababu jibu langu lina jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Nimezaliwa kijijini, ukiacha barabara iendayo Nachingwea. Baba alikuwa na mikorosho mingi na baiskeli moja. Msimu ukifika, mabibo yakirundikana chini ya miti na kuanza kunukia ule uchachu ambao kila mtoto wa Kusini anaujua, nyumbani kwetu furaha na hofu viliingia mlango mmoja. Korosho zikiuzwa, pesa zipo. Pesa zikiwepo, nipa, ile pombe kali, ipo.

Usiku nilikuwa nalala na masikio wazi. Baba akirudi ameipanda baiskeli, mnyororo ulilia haraka haraka, tik-tik-tik, na mimi nilivuta shuka nikalala. Akirudi anaisukuma, mnyororo ulilia polepole, unakatika, unaanza tena. Anayesukuma baiskeli usiku ni mtu aliyeshindwa kuipanda. Basi kabla hajafika kwenye mwembe, nilikuwa nimeshamvuta mdogo wangu uvunguni, nimemziba mdomo kwa kiganja, tunahesabu. Nilikuwa na miaka minane. Nilijua kuhesabu hadi mia tatu kabla sijafundishwa darasani.

Yaliyotokea juu ya kitanda kile sitayaandika. Mama yupo hai na ni yake.

Ila hili la shangazi nitalisema, maana halijanitoka. Nilipomweleza, alinishika sikio akasema, "Mambo ya ndani hayaanikwi uani." Mpaka leo tukikutana kwenye shughuli namsalimia kwa heshima zote, namkalisha, namletea chai. Lakini sikio lile bado linauma.

Sasa, je, utoto ule ulinisaidia kwenye kazi hii unayoisomea? Ulinisaidia, na sioni haya kusema. Mama mmoja anaingia ofisini, anasema amekuja kuulizia cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wenzangu wanamwelekeza dirisha la pili. Mimi naona kila bodaboda ikipita nje, shingo yake inakaza. Namwambia, "Kaa kwanza, dada, cheti kitapatikana." Hakuna darasa lililonipa hilo. Kuna akina mama hapa Lindi wanaolala usingizi leo kwa sababu niliiona ile shingo, na ninajivunia kila mmoja wao.

Watu wakaanza kunisifu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walikuwa wakisema, huyu amekilalia. Nikaamini. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa ofisi niliyofanya kazi zamani, si hii ya sasa. Mwalimu alimleta mvulana wa miaka tisa, ameungua mkono mahali pawili, alama za duara. Mtoto haongei. Nikaulizia nyumbani kwao, nikaambiwa baba anakunywa. Basi. Nikainama nikamwuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Baba akirudi amelewa, ndiyo anakufanyia hivi?" Akaitikia kwa kichwa. "Na wewe unamsikia tangu mbali, sivyo?" Akaitikia. Niliandika haraka, machozi yananilenga, najiona nimemwokoa yule mdogo wangu wa uvunguni.

Baba yake akachukuliwa. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ilijazwa, kila kitu kikaenda kama inavyotakiwa. Siku ya tano mwalimu akarudi na mtoto yule yule. Alama ya tatu, mbichi. Baba bado alikuwa mahabusu.

Aliyekuwa akimchoma ni binamu yake mkubwa, aliyekuwa akiachiwa watoto wazazi wakienda shamba. Kwa siku nne nilikuwa nimemrudisha mtoto mikononi mwake, na mtu mzima pekee ambaye pengine angegutuka nilikuwa nimemwondoa mwenyewe nyumbani.

Jioni ile nilifungua daftari langu kutafuta nilipokosea. Kwa mwandiko wangu kulikuwa na mstari: "Husikia baiskeli ya baba." Mtoto hakusema hivyo. Kwao hakukuwa na baiskeli.

Yule baba alipotoka alikuja ofisini. Sikutarajia. Hakutukana. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Dada, mimi mnywaji, sikatai. Lakini hukuniuliza hata swali moja." Akaondoka. Nimeshapigwa utotoni, mdogo wangu, lakini hakuna kofi lililonifikia pale lilipofika neno lile.

Kwa hiyo wale watu wawili wa chuoni, wote wana nusu. Kitanda nilichokilalia mimi kilikuwa na kunguni wake. Cha mtoto yule kilikuwa na wake. Kidonda kinakufundisha kusikia kelele, hakikufundishi ni za nani. Na kidonda ambacho hakijatibiwa kina tabia mbaya zaidi: kinajibu kabla ya aliyeulizwa.

Miezi iliyofuata naipita. Nilienda kwa muuguzi wa afya ya akili, nikaongea, nikarudi, nikaongea tena. Jambo moja tu nilitaje. Aliniambia nikamweleze mama kuhusu uvunguni. Nilikwenda kijijini, tukakaa barazani tunabangua korosho, nikamwambia. Mama hakuinua macho. Akasema, "Nilijua mko kule. Ndiyo maana nilikuwa nasimama upande wa mlango, asije akainama." Miaka thelathini nilidhani tulijificha wenyewe.

Usidhani haya ni ya kwetu wawili. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili kwa watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Tukisema wenye makovu wasifanye kazi hii, ofisi zote zitafungwa. Na mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba kadiri aina za mateso ya utotoni zinavyoongezeka, ndivyo magonjwa ya ukubwani yanavyoongezeka, ulevi na maradhi ya moyo yakiwemo. Niliposoma pale kwenye ulevi nilimfikiria baba. Sijui baba alilala uvungu wa nani. Hakuna aliyewahi kumwuliza, na mimi nilichelewa, ameshafariki.

Ushauri wangu, basi. Nyamaza kwanza. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake 2011 una maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Ukihesabu, mawili kati ya matatu hayahitaji mdomo wako. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, nilikuwa kati ya abiria tuliokwama. Kuna mama alikuwa anatetemeka, amembana mtoto hata mtoto anashindwa kupumua vizuri. Zamani ningemwuliza amepatwa na nini. Safari hii nilimnunulia chai ya tangawizi, nikakaa ubavuni mwake, nikanyamaza. Baada ya muda mrefu mikono ililegea yenyewe. Akasema mama yake yuko Kilwa na simu haipatikani. Nikamtafutia kijana mwenye namba ya mwenyekiti wa mtaa wao. Kazi ikaisha, na sikulia.

Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu. Hili wengi mnalifanya kwa huruma, na huruma yenu inaumiza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa haki ya mtoto inapovunjwa, sembuse wewe uliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mwambie, "Nitamwambia mtu anayeweza kutusaidia, na nitakuambia ni nani." Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna namba 116 anayopiga bure. Usimfiche mtoto mlango, mwonyeshe.

Na wewe mwenyewe uwe na pa kwenda. Ukisikia hadithi yako inatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, simama. Weka kalamu chini. Nenda kanywe maji, nyamaza kwanza, kisha rudi. Nakuambia tena kwa sababu utasahau, mimi nilisahau: nyamaza kwanza.

Mwezi uliopita aliletwa msichana wa miaka kumi. Nilivyosoma karatasi yake, mwili ulinisisimka, nikasikia mnyororo. Baba mnywaji, msimu, usiku, vyote vilikuwemo. Niliweka kalamu mezani. Nikamwambia, "Nisimulie siku yako ya jana, tangu ulipoamka." Akaanza na kuku. Ana kuku wawili, mweusi anataga, mwenye madoa bado. Mweusi hutaga kwenye kikapu cha bibi na bibi hugomba. Tuliongea kuku kwa dakika arobaini. Nje watu walikuwa wanasubiri, mwenzangu akachungulia mara mbili. Kisha, akiwa anakunja na kukunjua pindo la sare yake, akataja jina la mtu. Halikuwa la baba yake, wala la yeyote aliyekuwa kwenye karatasi ile. Nikachukua kalamu nikaliandika kama alivyolitamka.