Maswali na majibu: Klabu ya boti za tanga kwenye ghuba ya watu wote

Wadau, meseji za wiki hii karibu zote zinahusu kugombania maji na wengine, kwa hiyo nazijibu kwa mkupuo, ila ya kwanza nitaijibu kwa kirefu maana ndo inayoleta ugomvi pwani.

*Tuna klabu ndogo ya boti za tanga Msasani, Dar, ngalawa mbili na viboti vya faiba. Wavuvi wanalalamika tunapita juu ya nyavu zao, sisi tunasema bahari ni ya wote. Nani yuko sahihi?*

Bahari ni ya wote kweli, lakini mwenzio katoka usiku kutafuta ada ya mtoto, nyie mmetoka Jumamosi kufurahi, sasa mkianzia hapo hamuelewani hata siku moja. Na hata sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za 1972, zinasema chombo cha tanga kikipishe chombo kinachovua, kwa hiyo hapo hamna hoja.

Mi ningeanza hivi: chagueni mtu mmoja, huyo huyo kila wiki, aende kwa wavuvi na kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za pwani) kabla hamjatandaza tanga hata moja, aamkie wazee vizuri, aulize nyavu zimelala wapi leo na zinatolewa saa ngapi. Wiki hii ziko huku, wiki ijayo ziko kule, inategemea mwezi na maji, ndo maana kuuliza mara moja kwa mwaka hakusaidii kitu. Afu mfundishe kila mwanachama kusoma alama. Kule mbele utaona kidumu cha mafuta kinaelea, au kijiti chenye kitambaa cheusi, na mbali kidogo kingine kama hicho, katikati vipande vya ndala vimefungwa kwenye kamba na vinaonekana kwa shida sana jua likiwa usoni. Mgeni anaona uwazi mzuri wa kupita kati ya vidumu viwili, kumbe hapo ndo wavu wenyewe ulipo, chini kidogo tu ya maji. Zunguka nje ya vidumu, na uzunguke kwa mbali.

Ukishanasa, achia kamba ya tanga upepo utoke, pandisha ubao wa katikati, usukani nao uinue, afu usukumie wavu chini kwa mkono taratibu. Kisu kiwepo botini, ndio, lakini ni kwa ajili ya mtu aliyenaswa, sio kwa ajili ya kuwahi nyumbani. Na mkiuchana wavu, nendeni wenyewe siku hiyo hiyo mkaseme na mlipe, msisubiri mje kuulizwa, klabu isiyolipa nyavu mi sioni inadumuje pale.

*Vyombo viwili vya tanga vikikutana nani anampisha mwenzie?*

Kama upepo unawaingilia pande tofauti, unayeingiliwa kushoto unampisha anayeingiliwa kulia. Kama ni upande mmoja, aliye juu ya upepo, yaani upande upepo unakotokea, anampisha aliye chini yake. Boti ya mashine kwa kawaida inakupisha wewe wa tanga, LAKINI sio kwenye mlango wa bandari, pale meli kubwa haina pa kukwepea na vivuko vya Kigamboni vinakatiza muda wote, kaeni mbali kabisa. Halafu kitu ambacho hakimo kwenye sheria: ngalawa ikitaka kugeuza lazima wahamishe foromali (ule mti unaobeba tanga) upande wa pili wa mlingoti, ni kazi na inachukua muda, kwa hiyo hata kama haki ni yako wewe mwenye kiboti chepesi, mpishe tu.

*Upepo ukiwaje tusitoke?*

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikishatoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hapo hakuna kikao. Kwa wanaojifunza mi nasimamisha mapema zaidi, ukiona povu jeupe limetapakaa ghuba nzima basi inatosha, hasa miezi ya kusi kuanzia Juni hadi Agosti. Unaonitia wasiwasi zaidi ni umande, ule upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu. Ukisimama mchangani maji yametulia kabisa kwa sababu majengo na miti vinakukinga, ukisogea nje unaanza kusukumwa mbali na nyumbani na kurudi ni kubisha, yaani kwenda kwa kona kona dhidi ya upepo, mwanzo mwisho. Na angalieni maji pia, siku za bamvu (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) hapa Dar tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, mkichelewa mtakuta sehemu mliyotokea ni tope na mawe.

Anayeamua awe mtu mmoja, akisema leo hakuna basi hakuna, hata kama mwenyekiti ndo kaja na wageni wake.

*Wanachama wanaojua kuogelea wanakataa laifujaketi.*

Asiyevaa hapandi. Mti wa chini ya tanga ukimgonga kichwani hataogelea huyo. Someni lebo, ile N ni nyutoni, nguvu ya kukuelesha: 50N ni ya anayejua kuogelea na msaada uko karibu, wengine wapeni 100N kwenda juu, na kila moja ifungwe filimbi.

*Binamu yangu yuko Minnesota, kajiunga na klabu ya mashua za kuteleza kwenye barafu ziwani. Wale wana sheria gani?*

Nimefurahi swali hili! Zile mashua zina visu vya chuma chini na zinakimbia mara kadhaa ya kasi ya upepo wenyewe, aina maarufu inaitwa DN, ilizaliwa 1937 kwenye karakana ya gazeti la Detroit News. Kupishana kunafanana na kwetu, wa upepo wa kushoto anampisha wa kulia. Ila wao kabla ya yote wanatoboa barafu kupima unene, sehemu nyingi na sio moja, maana ziwa moja halina unene mmoja, na nyufa wanaziwekea alama. Helmeti lazima, na shingoni wananing'iniza vijiti viwili vyenye ncha, mtu akitumbukia anavichoma kwenye barafu ajivute atoke. Na wao pia ziwa wanachangia na wavuvi, wanaokaa kwenye matundu yao na vibanda vyao, kwa kasi ile ukimuona umechelewa, kwa hiyo mwambie binamu aulize wavuvi wako upande gani kabla ya kupandisha tanga.

*Boti ya uokoaji tunayo, inatosha?*

Inatosha kama mwendeshaji kafunga kamba ya kuzimia mashine mguuni, anazima injini kabla ya kumvuta mtu aliye majini, na ana daftari la majina ya waliotoka. Boti zikibinuka tatu kwa pamoja na yeye ni mmoja, basi mmetoka wengi mno. Punguzeni, wengine wasubiri zamu mchangani.