Maswali na Majibu: Siku Moja Efeso

Barua za wanaojiandaa kwenda Efeso, mji wa kale ulioko Uturuki ya leo, zimerundikana tena. Nimechagua zile zinazofanana na nyingine nyingi, ili yule ambaye haoni barua yake hapa ajisomee jibu lake katika jibu la mwenzake.

Sisi ni wanakwaya 18 kutoka Mwanza. Wakala ametuahidi makanisa yote saba ya kitabu cha Ufunuo kwa siku moja, tukianzia Izmir. Je, inawezekana?

Haiwezekani, na hii ni mara ya nne mwaka huu ninajibu swali hili hili. Fungueni ramani kabla ya kufungua mfuko. Smirna ndiyo Izmir yenyewe; Pergamo, ambayo leo inaitwa Bergama, iko zaidi ya kilomita 100 upande wa kaskazini; Thiatira imefunikwa na mji wa Akhisar; Sardi na Filadelfia ziko ndani bara, mashariki; Laodikia iko jirani na Denizli, na kutoka huko hadi Efeso kumebaki karibu kilomita 200 nyingine. Mzunguko mzima unapita kilomita 600. Mtarudi mkiwa mnayajua vizuri mapazia ya basi. Wakala anayeahidi safari ya namna hiyo ama hajawahi kufika huko, ama amefika na anajua kwamba ninyi hamjafika.

Niongeze jambo ambalo hamkuliuliza. Makanisa saba ya Ufunuo si majengo saba. Yohana aliziandikia jumuiya za waumini waliokutanika majumbani mwa watu, kwa hiyo anayezunguka Akhisar akitafuta kanisa la Thiatira la wakati ule anatafuta kitu ambacho hakikujengwa. Magofu ya makanisa mtakayoonyeshwa Filadelfia au Laodikia ni ya karne za baadaye kabisa. Mkiwa na siku moja tu, ipeni Efeso yote. Mkipata ya pili, nendeni Laodikia na Hierapoli, ambako mtaona mabomba ya kale ya kupitishia maji yakiwa yamezibwa na chokaa, na upande wa pili wa bonde mtaona miteremko myeupe ya chemchemi za moto za Pamukkale. Wafafanuzi wengi hulisoma neno la Ufunuo sura ya 3 juu ya kanisa la Laodikia, lenye uvuguvugu, kwa kuyatazama maji hayo, na mbele ya mabomba yale somo hilo linaeleweka kuliko katika mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia.

Mwongozaji wetu alisema Paulo alihubiri katika ule ukumbi mkubwa wa michezo. Mume wangu alibisha hadi tukaoneana aibu mbele ya kundi. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Nakuru)

Mume wako. Ukumbi ule, wenye nafasi ya watu wapatao 25,000, ndio mahali ambapo Paulo hakuingia. Matendo ya Mitume sura ya 19 inasimulia wazi: Demetrio mfua fedha, aliyeona biashara ya vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa Waefeso, inadorora, aliwachochea mafundi wenzake, umati ukawakokota Gayo na Aristarko hadi ukumbini, Paulo alitaka kuwaendea watu, lakini wanafunzi wakamzuia, na baadhi ya wakuu wa Asia waliokuwa rafiki zake wakatuma watu kumsihi asijihatarishe. Watu walipiga kelele kwa muda wa saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu," na wengi wao, kama Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anavyoeleza kwa kejeli ya upole, hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za habari hiyo, na mwongozaji anayemweka Paulo jukwaani anaifuta.

Paulo alifundishia darasa la Tirano kwa muda wa miaka 2, na hakuna mtu anayeweza kulionyesha leo. Hali ni hiyo hiyo kwa vivutio vingine vinavyopachikwa majina matakatifu. Maktaba ya Selso, ambayo kila kikundi hupigia picha kwa kudhani kwamba mtume aliingia humo kusoma, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2, Paulo akiwa amekwisha kufa, na uso wake unaouona ulisimamishwa upya na wanaakiolojia wa Austria katika miaka ya 1970. Liitwalo kaburi la Luka lilikuwa jengo la Kirumi lililogeuzwa kanisa baadaye, na jina hilo lilitokana na msalaba na ng'ombe, alama ya Luka, waliochongwa jiweni. Liitwalo gereza la Paulo ni mnara wa ukuta wa mji. Hata unyayo uliochorwa katika marumaru, ambao waongozaji huuita tangazo la danguro huku wanaume wa kundi wakicheka, hauna ushahidi wa kuutegemea.

Sisemi waongozaji wote ni waongo. Uturuki inamtaka mwongozaji awe na leseni, na wako waliosoma wakaelimika, ambao ukiwauliza "hilo limeandikwa wapi, na lini?" watafurahi kupata mgeni wa namna hiyo. Tatizo ni mgeni asiyeuliza. Someni Matendo 19 na 20 usiku wa kuamkia safari. Ni kurasa chache, na viongozi wa vikundi wanaoshindwa kuwasomea watu wao kurasa hizo hawastahili kiti cha mbele ndani ya basi.

Je, siku hiyo hiyo tutabatizwa katika Mto Yordani?

Hapana. Mto Yordani hauko Uturuki.

Mimi ni Mlutheri wa Bukoba. Je, Nyumba ya Mama Maria ni ya kweli, au nibaki ndani ya basi?

Shuka kutoka kwenye basi, ndugu yangu, lakini shuka ukijua unachokiona. Nyumba ile ndogo ya mawe, iliyoko juu ya mlima Bülbüldağı, ilitambuliwa mwaka 1891 na mapadre Walazari wa Izmir, ambao walifuata maelezo ya maono ya Anne Catherine Emmerich, mtawa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1824 bila kukanyaga nchi ile. Kanisa Katoliki lenyewe halijatamka kwamba ndiyo nyumba hasa aliyoishi Maria. Limeruhusu ibada na kuwapokea mahujaji, na Papa Paulo VI alifika mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, na Benedikto XVI mwaka 2006. Yako pia mapokeo ya zamani zaidi yanayoweka mwisho wa maisha ya Maria Yerusalemu. Kwa hiyo Mkatoliki anayekuambia kwamba imethibitishwa amelipita kanisa lake, na Mprotestanti anayekunja uso mlangoni anakataa jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulikubali. Ndani hakupigwi picha, na mabega yafunikwe.

Linalonikera ni jingine. Chini, karibu na lango la kutokea la magofu ya Efeso, yako mabaki ya Kanisa la Maria, ambalo linahusishwa na Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431, ule uliotetea jina la Mama wa Mungu dhidi ya Nestorio, askofu aliyelipinga. Kila anayesali "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu" ana deni na mtaguso ule, na hata Walutheri hawakuukataa. Vikundi vingi hupita mita chache kutoka hapo vikikimbilia maduka ya langoni, kwa sababu mahali hapo hapana foleni na waongozaji hawapataji. Mtajieni ninyi kabla ya kupanda basi asubuhi.

Viatu gani vinafaa?

Vyenye soli inayoshika. Marumaru ya Efeso imesuguliwa na miguu kwa karne nyingi na inateleza hata wakati wa kiangazi. Ndala ziacheni hotelini.

Mama yangu ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Ataweza? (Msomaji, Eldoret)

Ataweza ikiwa mtashushwa lango la juu na basi likawasubiri lango la chini, kwa maana barabara kuu ya magofu ni mteremko mtupu. Ulizeni jambo hilo kwa maandishi, kwani vipo vikundi vinavyoingizwa lango la chini na kurudishwa huko huko, na hapo mama atapanda kwanza mteremko wote kabla ya kuushuka. Kwa saa mbili hakuna kivuli cha maana. Mwezi wa Julai na Agosti jua ni la kuangusha hata vijana. Aprili, Mei, Septemba mwishoni na Oktoba kunafaa. Ulizeni pia kama siku hiyo meli kubwa za kitalii zinatia nanga Kuşadası, kwa sababu zikiwa nyingi, barabara ile inageuka Kariakoo wakati wa sikukuu. Na jengo la nyumba za matajiri, lenye ngazi nyingi na tiketi yake ya pekee, mama anaweza kuliacha bila kupoteza hija yake.

Naweza kuchukua kijiwe kidogo tu, cha ukumbusho wa madhabahu yetu?

Usithubutu. Kuchukua mali ya kale nchini Uturuki ni kosa la jinai lenye kifungo, na maofisa wa uwanja wa ndege hawatapima udogo wa kijiwe wala utakatifu wa madhabahu. Sarafu "za kale" anazokunong'onezea kijana langoni pia uziache: zikiwa za bandia umeibiwa, zikiwa halisi wewe ndiye mwizi.

Tunaishi Muscat, mimi ni Mkristo, mume wangu ni Mwislamu. Je, kuna cha kumfaa yeye katika ziara hii?

Kipo kingi kuliko anavyofikiri. Katika Nyumba ya Mama Maria atawakuta Waislamu wengi wa Kituruki, ambao humheshimu Bi Maryamu kwa mujibu wa sura inayobeba jina lake. Karibu na magofu kuna pango linalonasibishwa na wale vijana saba waliolala wakikimbia mateso ya Kaisari Decio na kuamka zama za ufalme wa Kikristo. Habari inayofanana nayo mume wako anaijua kutoka Suratul Kahf. Mwambie mapema, hata hivyo, kwamba yako mapango mengine yanayodai heshima hiyo, likiwemo la Tarso na lile la karibu na Amman, asije akamgombeza mwongozaji kama bwana wa Nakuru.

Kisha pandeni kilima cha Ayasuluk, palipo magofu ya basilika ambayo Kaisari Yustiniano aliijenga katika karne ya 6 juu ya kaburi linaloaminika kuwa la Yohana. Mkisimama hapo mtaona chini yenu msikiti wa İsa Bey wa mwaka 1375, na mbali kidogo nguzo moja ya hekalu la Artemi. Vikundi vingi hupewa dakika 15 hapo. Ombeni saa nzima.

Hekalu la Artemi, mojawapo ya maajabu saba ya dunia, lina nini cha kuona?

Nguzo moja, iliyounganishwa kwa vipande, mara nyingi ikiwa na kiota cha korongo juu yake. Korongo hao huwa wageni wetu Afrika wakati wa baridi ya kwao. Demetrio angelia.

Nimepata ziara ya nusu bei kuliko nyingine. Kuna siri gani? (Msomaji, Arusha)

Siri ni duka. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, nilinunua ziara ya namna hiyo, na nikakaa saa moja na dakika 20 nikiangalia vijana wakitembea jukwaani na majaketi ya ngozi, nikasindikizwa kwenye mazulia, na kaburi la Yohana tukaliona kupitia dirishani kwa sababu "muda umekwisha". Nusu ya bei iliyobaki hulipwa na duka. Kabla ya kulipa, takeni karatasi inayoonyesha saa za kukaa kila mahali, tiketi zilizomo na zisizomo, na idadi ya maduka. Wakala akikataa kuandika idadi ya maduka, mmekwisha kuijua.

Ratiba yetu inamalizikia kijiji cha Şirince. Kina nini cha Kikristo?

Kilikuwa kijiji cha Wagiriki wa Kiorthodoksi hadi mapatano ya kubadilishana watu ya mwaka 1923, ambapo waliondolewa na nafasi zao kuchukuliwa na Waislamu walioondolewa Ugiriki. Limebaki kanisa la Yohana Mbatizaji, na nyumba za mawe ambazo wajukuu wa wenyewe huja kuzitazama wakiwa watalii. Waongozaji wengi huruka habari hiyo na kuwapeleka watu moja kwa moja kwenye mvinyo wa matunda. Ingieni kanisani kwanza. Mvinyo wa komamanga utawasubiri, na ninyi wanakwaya mkumbuke kwamba hadi Izmir kumebaki zaidi ya saa nzima ndani ya basi.