Maswali ya Wasomaji: Mtandao wa wanawake wahitimu ufanye kazi gani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wanawake waliohitimu vyuo vikuu, ambao wanataka kusaidiana kazini na kuwalea kitaaluma wadogo zao wanaowafuata. Tumechagua tatu, na mojawapo imeandikwa na mwanamume mwenye shaka ambayo inastahili kujibiwa kwa uzito.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu. Wanawake tuliosoma chuo kimoja na kuishi bweni moja tuna kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, wakiwemo mahakimu, madaktari, walimu na wakurugenzi. Lilianzishwa ili tusaidiane kupanda kazini na kuwashika mkono wanaomaliza chuo, lakini siku hizi kinachoendelea humo ni michango ya harusi na misiba tu. Wengine wamenyamaza na wengine wamejitoa. Je, tulivunje tuanze upya? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msilivunje. Kundi ambalo wanachama wake hufika msibani bila kusukumwa limeshajenga kuaminiana, na bila kuaminiana hakuna mkurugenzi atakayemfungulia mtoto wa watu mlango wa ofisi yake. Kasoro yenu ni kwamba mambo mawili yanafanyika mahali pamoja, na lile la haraka linalimeza lile la taratibu. Msiba hausubiri, kwa hiyo hushughulikiwa leo. Binti aliyemaliza shahada na anayetafuta pa kuanzia anaweza kusubiri, kwa hiyo anasubiri mpaka anasahaulika. Wacheni kundi la kufaana libaki kama lilivyo, kisha wachache kati yenu, hata kumi na wawili wanatosha, waanzishe jambo la pili lenye uongozi wake, mfuko wake na kazi yake.

Nasema kazi, kwa umoja, kwa sababu ninaamini vyama vingi vya namna hii hufa kwa kutaka kufanya kila kitu. Mwaka 1881, mjini Boston nchini Marekani, wanawake 17 waliohitimu vyuo vinane walikutana kwa mwito wa Marion Talbot na Ellen Swallow Richards wakaunda chama cha wanawake wahitimu. Wakati huo daktari mmoja aliyesifika, Edward Clarke, alikuwa ametangaza kwamba masomo ya juu yanaharibu afya ya mwanamke, hasa uzazi wake, na maneno yake yalikuwa yakitumiwa kuwafungia mabinti milango ya vyuo. Chama kile kikawaandikia wahitimu wenyewe, kikawauliza habari za afya zao, kikayapanga majibu, na mwaka 1885 kikachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba madai ya daktari hayakuwa na msingi. Kazi ile ilikuwa moja, yenye mwanzo na mwisho, na kila mwanachama aliweza kueleza imefikia wapi. Chama bado kipo hadi leo.

Kwetu pia mfano upo. Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1971 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo, alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi aligundua kwamba wanawake walimu wa chuo hawakupewa marupurupu sawa na wenzao wanaume, kama vile nyumba na pensheni, na yeye pamoja na mwenzake wakaanza kudai usawa. Aliingia katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya kupitia chama cha wanawake waliohitimu vyuo vikuu, na ni ndani ya baraza hilo ndipo mwaka 1977 ulipoanza upandaji miti uliozaa Green Belt Movement. Hapa Tanzania, wanahabari wanawake waliunda TAMWA mwaka 1987 na wanasheria wanawake wakaunda TAWLA mwaka 1989. Wote hao walianza wakiwa wachache waliojua vizuri wanataka kubadilisha nini.

Kwa hiyo chagueni kazi moja ya mwaka mmoja. Mathalani: kuwaandaa kwa usaili wahitimu ishirini wa bweni lenu. Kisha tengenezeni daftari la wanachama, na hapa naomba mwe wachambuzi. Ukiandika “daktari, Mwanza,” hujamsaidia mtu yeyote. Andika kwamba ni daktari wa watoto, kwamba aliwahi kupata ufadhili wa masomo nje ya nchi, kwamba yuko tayari kusoma barua za maombi ya ufadhili na kuzirudisha na marekebisho ndani ya wiki mbili, na kwamba apigiwe simu Jumamosi asubuhi, si usiku wa zamu. Daftari la namna hiyo linamwezesha katibu kumuunganisha binti na mtu anayemfaa kwa siku moja, badala ya kutupa ombi mbele ya watu mia mbili ambao kila mmoja anadhani mwenzake atajibu. Kila mwanachama aridhie kwa maandishi habari zake kuwekwa humo, kwa kuwa tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria hiyo namba ya simu ya mtu ni amana.

Mtakapoanza kukusanya ada, jisajilini kwa Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mfungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Wewe mhasibu huhitaji kuelezwa sababu. Ulizeni pia chuoni kwenu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina Baraza la Masajili linalowaunganisha wahitimu wake, na chuo chenu kikiwa na chombo kama hicho ndicho njia nyepesi ya kuwafikia mabinti wa mwaka wa mwisho kabla hawajatawanyika.

SWALI: Shikamoo mama. Nimehitimu uhandisi ujenzi na niko katika mafunzo ya vitendo kabla ya kusajiliwa. Umoja wa wanawake wahitimu wa chuo chetu umenipangia mlezi wa taaluma, mhandisi mwandamizi mwenye shughuli nyingi. Tumeonana mara mbili. Aliniambia nijitume, nisikate tamaa na nimtangulize Mungu. Namshukuru, lakini nilitoka kama nilivyoingia. Naogopa kumsumbua, na kusema kweli sijui nimuulize nini. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mlezi wako hakukunyima kitu. Ulikwenda mikono mitupu, naye akakupa alichonacho kwa kila mtu. Safari ijayo nenda na karatasi.

Mhandisi mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kwa kipindi cha karibu miaka mitatu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili kuwa mhandisi mtaalamu, na katika kipindi hicho huandika ripoti za kazi alizofanya. Mpelekee ripoti zako na umwombe azisome nawe, ukurasa kwa ukurasa, kwa saa moja. Huenda akaona kitu ambacho wewe umekizoea: kwamba katika miezi minne umeandika kumbukumbu za vikao vya mradi, umepanga mafaili na kufuatilia ankara, wakati vijana wa kiume mlioanza nao wamekuwa wakienda saiti kupima udongo na kusimamia umwagaji wa zege. Hakuna aliyekuambia usiende saiti. Uliambiwa tu kwamba una mwandiko mzuri, na gari likaondoka. Mwanamke aliyepitia hayo ataona pengo hilo mara moja, atakueleza uombe kazi gani, uombe kwa nani na kwa maneno gani, na pengine atamjua msimamizi wako na kumwambia neno ambalo wewe mgeni huwezi kumwambia. Ulezi wa taaluma ni huo. Mawaidha ya kujituma ulishayapata kwa wazazi wako.

Muulize pia yale usiyoweza kumuuliza bosi wako. Mathalani, itakuwaje ukipata ujauzito kabla ya kumaliza mafunzo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ujauzito. Inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Na inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe kwa muda usiozidi saa mbili katika siku ya kazi. Hayo unaweza kuyasoma mwenyewe. Usichoweza kukisoma popote ni jinsi mwanamke mwenzako alivyoomba saa hizo mbili mbele ya msimamizi aliyekunja uso, kisha akazipata.

Kuhusu hofu ya kusumbua, upo utaratibu mmoja ninaoupenda sana. Mpango wa AWARD, ulioanzishwa mwaka 2008 na wenye makao yake Nairobi, huwasaidia wanawake wa Afrika walio watafiti wa kilimo. Kila mtafiti anayechaguliwa hupewa mlezi aliyemtangulia, na yeye mwenyewe hutakiwa kumlea mwanasayansi mwingine aliye chini yake, kwa hiyo anapokea na kutoa kwa wakati mmoja. Pendekeza jambo hilo katika umoja wenu. Tafuta mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili, umwoneshe unavyopanga ripoti zako, na utaona jinsi mtu anayekuja na swali lililoandaliwa asivyochosha hata kidogo.

SWALI: Mama, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni ofisa utumishi katika kampuni binafsi. Tumehangaika miaka mingi kupambana na ajira za kujuana, na sasa naona wanawake wanaunda mitandao ya kuinuana. Je, huku si kujuana kulekule kwa jina jingine? Na mbona wanaume hawaalikwi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, shaka yako ni ya haki. Kujuana ni kumpa mtu nafasi ambayo mwingine mwenye sifa ameikosa kwa kuwa hana ndugu ndani. Mtandao ukifanya hivyo umekuwa uovu uleule, na wanawake hawatakasiki kwa kuwa wanawake. Katika utumishi wa umma nafasi hutangazwa na waombaji husailiwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na hakuna mwanachama wa mtandao wowote anayepaswa kujaribu kuuzunguka utaratibu huo. Kinachoruhusiwa, na ambacho ninakitetea kwa moyo wote, ni kumwambia binti kwamba tangazo limetoka, kumsomea barua yake na kumfanyisha usaili wa majaribio mpaka sauti iache kutetemeka. Mwanachama akijikuta katika jopo linalomsaili binti aliyemlea, aseme hivyo wazi na atoke.

Nakuomba pia utazame upande ambao ofisa mwanaume huenda asiuone. Binti asiye na mtu mjini akiitwa na mwenye mamlaka ya ajira “aje tuzungumze” hotelini saa mbili usiku, anamuuliza nani kama hiyo ni kawaida? Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa zake, lakini mara nyingi binti huhitaji kwanza mwanamke mzima wa kumwambia kwamba asiende, kwamba kosa si lake, na kwamba watakwenda wote kutoa taarifa. Mazungumzo hayo hayafanyiki mbele ya hadhara ya wanaume na wanawake. Ndiyo sababu yanahitaji mahali pake.

Hata hivyo si kila shughuli ya mtandao inahitaji mlango uliofungwa. Wewe unasoma mamia ya barua za maombi ya kazi, na unajua kwa nini nyingi huwekwa kando kabla ya kumalizwa kusomwa. Yaandike makosa hayo katika ukurasa mmoja, bila majina ya watu, uulize umoja wowote wa wanawake wahitimu ulio karibu nawe Arusha kama utakupokea Jumamosi moja, uwaeleze waziwazi, na uwape na kaka zao ukurasa huohuo.