Kwa unayeanza kutoa dawa: swali la aleji na mifupa

Hutamaliza mwezi dirishani kabla hujaulizwa: "Eti dawa za aleji zinakula mifupa?" Mimi niliulizwa na mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, nikamjibu "hapana, mama" huku naendelea kuhesabu vidonge. Sikumdanganya, ila sikumsaidia.

Chuoni histamini, kemikali ya mwili ambayo dawa za aleji huizuia, tuliisoma kama kisa cha pua na ngozi: chafya, mwasho, vipele. Mfupa hatukuugusa kabisa. Kumbe mfupa si jiwe. Kila siku kuna seli zinazoubomoa, osteoklasti, na nyingine zinazoujenga, osteoblasti. Histamini huwatia nguvu wabomoaji. Panya wa maabara waliozaliwa bila kimeng'enya cha kuitengeneza, hata walipoondolewa ovari, mifupa yao haikupungua kama ya wenzao. Tena wapo watu wenye mastositosi, ugonjwa wa kuzidi kwa seli zinazohifadhi histamini, na mifupa yao hudhoofika wangali vijana.

Ukifuata hesabu hiyo, dawa ya kuizuia histamini ingepaswa kuulinda mfupa. Usiende huko. Ya panya ni ya panya. Piriton haitolewi kwa ajili ya mifupa, na mtu asikutoe kwenye reli kwa alichokisoma kwenye simu.

Mfupa huvunjikia kwingine. Kuna bibi alikuwa akija kwangu jioni jioni, namwamkia, ananiitikia "marahaba mwanangu", ananunua Piriton. Hakuwa na mafua. Alikuwa anatafuta usingizi, na mimi nilijua. Usiku mmoja aliamka kwenda msalani, kichwa kizito, akateleza uani. Nyonga. Dawa haikuula mfupa wake, ilimwangusha tu, lakini kwa mtu wa umri ule tofauti hiyo haina faida. Klorofeniramini, ndiyo hiyo Piriton, na promethazini hupenya hadi kwenye ubongo, huleta usingizi na kizunguzungu. Mzee mwenye mzio wa kweli mpe loratadini, au setirizini kwa uangalifu maana nayo huwalaza baadhi ya watu. Mzee asiyelala, mwelekeze kwa daktari. Nami ningefanya hivyo tangu jioni ya pili.

Jambo la pili ni bahasha. Mwombe mteja akuonyeshe alichopewa kwingine, vyote. Mara nyingi kando ya kidonge cha aleji utakuta prednisoloni au deksamethasoni, na hizo ndizo zinazokula mifupa. Prednisoloni ikinywewa kila siku kwa miezi 3 au zaidi, hata kwa dozi ndogo, mfupa unaanza kulipa. Mabinti wanaotaka kunenepa ndio wanaoniumiza zaidi. Wanauziwa siproheptadini, nayo ni dawa ya aleji inayoleta hamu ya kula, pamoja na deksamethasoni, wanameza miezi na miezi. Uso unajaa, wanasifiwa mtaani. Usimfokee, hatarudi. Wala usimwambie aache ghafla, maana mwili uliozoea dawa hizo unaweza kuzimia ukikatishwa mara moja. Mpeleke kwa daktari azipunguze taratibu.

Za tumbo nazo wengi huzichanganya. Simetidini na famotidini huzuia histamini pia, ila ile inayoamrisha tumbo kutoa asidi. Omeprazoli si ndugu yao, inazima pampu yenyewe ya asidi, na ndiyo ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliitolea tahadhari ya kuvunjika mifupa mwaka 2010, hasa kwa dozi kubwa au matumizi ya zaidi ya mwaka. Kwa famotidini ushahidi ni hafifu. Kwa vyovyote, anayetumia dawa ya kupunguza asidi na vidonge vya kalsiamu kabonati, mwambie avimeze pamoja na chakula, kwa kuwa kalsiamu ya aina hiyo huhitaji asidi ili isharabiwe.

La mwisho ni letu watu wa pwani. Atakuja mtu uso mwekundu, kichwa kinamgonga, ametoka kula vibua au jodari: "Nina aleji ya samaki." Muulize kwanza samaki alikaa juani muda gani. Samaki hao wakikosa barafu, bakteria huigeuza histidini iliyo kwenye nyama yao kuwa histamini, na kupika hakuiondoi. Akihema kwa shida au akivimba midomo, hospitali mara moja. Vinginevyo, usikimbilie kumwandikia mzio. Mteja wangu mmoja aliacha samaki wote kwa miaka kwa sababu ya neno hilo, pamoja na dagaa wa kutafunwa na miba yake, kalsiamu ya bei nafuu kuliko kidonge chochote nilicho nacho rafuni. Siku hizi amerudi soko la samaki la Deep Sea asubuhi na mapema, na kabla ya kuuliza bei anauliza barafu.