Maswali ya Upepo: Bodi la Lita 85, Bamvua na Kusi ya Kendwa

Barua za mwezi huu kuhusu kupanda bodi lenye tanga (windsurfing), kama za mwezi uliopita, nyingi ni swali moja lililobadilishwa kanzu: "Ninunue bodi gani?" Hakuna hata mmoja aliyeniuliza upepo wa kwao unatoka upande gani. Nimeokota chache. Zilizobaki zimejibiwa kwenye safu zilizopita, tafuteni.

Nimepata kwa bei nzuri bodi la lita 85 na tanga la mita za mraba 4.7. Nina kilo 82, sijawahi kupanda. Nichukue? (Kigamboni)

Usichukue. Lita za bodi si mapambo, ni uzito linaoweza kuubeba likiwa limesimama. Wewe kilo 82, bodi lenyewe kama 7, mlingoti, bumu (mti wa kushikia tanga) na tanga lililolowa 8 au zaidi. Jumla inakaribia 97. Bodi la 85 litazama chini ya miguu yako, na utamaliza likizo umesimama kwenye maji ya shingo ukilaani aliyekuuzia. Hilo ni la mtu anayejua kulala majini akaacha tanga limnyanyue. Wewe anza na bodi pana la lita 180 hadi 200, la kukodi, kwa saa kumi za kwanza. Tanga hilo la 4.7 halina ubaya, mwanafunzi anahitaji tanga dogo. Lakini najua utanunua vyote viwili, kwa hiyo tutaonana hapa hapa mwezi ujao.

Simu inaonyesha upepo wa noti 18 (kama kilomita 33 kwa saa) Paje, Jumamosi saa nne asubuhi. Nipande boti nije? (Dar es Salaam)

Jumamosi ipi? Mwezi una siku ngapi?

Hili swali nimelijibu mpaka mkono umeota sugu. Upepo ni nusu ya safari, nusu nyingine ni maji. Mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua, siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja inakaribia mita nne. Paje ni uwanda mpana ndani ya mwamba. Bamvua likipwa, ukifika na bodi lako kichwani utakuta mchanga, vidimbwi na kina mama wanavuna mwani. Noti zako 18 zitakuwepo kweli. Zitakupeperushia kofia.

Utajuaje bila kubahatisha? Tazama tarehe ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne au tano asubuhi, hujaa mnamo saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, yaani karibu na tarehe 8 na 23, ni maji mafu: hujaa asubuhi, hupwa alasiri, lakini hayaendi mbali. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Mtoto wa mvuvi wa Jambiani anayajua haya kabla hajaingia darasa la kwanza, na wewe una simu ya milioni moja. Tena programu hiyo hiyo unayoisifia ina ukurasa wa maji. Hujaufungua.

Kwa hiyo kwenye bamvua njoo mchana, uingie saa nane maji yakipanda, utoke kumi na moja. Na kwa kuwa umenifikisha Paje: vile vijiti vilivyopangwa mistari majini si takataka wala si alama za kuchezea. Ni mashamba. Mwani umekuwa ukilimwa upande huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi ni wanawake, na fini (pezi la chini) ya bodi lako ikipita juu ya kamba inakata kazi ya wiki kadhaa. Nimewaona wageni wakipita katikati wakicheka. Nimewaona wenyeji pia, na hao ndio walioniudhi zaidi.

Kusi au kaskazi, ipi bora?

Kusi, Juni hadi Septemba, kwa anayetaka upepo unaoshika asubuhi mpaka jioni. Kaskazi, Desemba hadi Februari, kwa anayetaka maji ya uvuguvugu na upepo unaokolea baada ya adhuhuri. Masika kaa nyumbani, shona tanga.

Shikamoo mzee. Napenda kujifunzia Kendwa mwezi wa Julai kwa sababu maji ni tulivu kama bakuli. Rafiki yangu anasema ni hatari. Nani mkweli? (Unguja)

Marahaba. Rafiki yako.

Jiulize utulivu huo umetoka wapi. Kendwa inatazama machweo, kusi inatoka nyuma yako, juu ya minazi na mapaa ya hoteli. Maji ya ufukweni yametulia kwa sababu upepo bado haujayashika. Mita mia tatu nje unayashika barabara, na kila kinachoelea unakisukuma kwenda mkondoni, kuelekea bara. Mji Mkongwe ni hadithi ile ile. Mwanafunzi huwa hajui kubisha bado, yaani kurudi dhidi ya upepo kwa kukata mshazari, anajua kwenda tu. Sasa mpe mahali ambapo kwenda ni rahisi na kurudi ni joshi tupu, upepo usoni.

Nasema kwa kovu. Miaka tisa iliyopita, Kendwa hapo hapo, Julai, saa tisa alasiri. Bodi la kukodi, na mimi mjuzi wa miaka kumi sikuinama kukagua kiungo, kile kipande cha mpira kinachoshika mlingoti kwenye bodi. Nje kabisa kikakatika. Mkanda wa akiba unaopaswa kuwa pembeni yake haukuwepo. Tanga likaenda kivyake, nikalala juu ya bodi nikapiga kasia kwa mikono dakika arubaini, na kila nikiinua kichwa watu wa pwani wamekuwa wadogo zaidi. Aliyenitoa ni mzee mmoja aliyekuwa anarudi na ngalawa, anabisha taratibu, kombe kwa kombe, tanga lake lina viraka kuliko nguo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Upepo wa huku hupeleka, haurudishi." Mwenye bodi alinidai pesa ya kiungo.

Tangu siku ile naangalia kiungo kwa kukikunja na kutafuta nyufa, nabeba kamba ya mita tatu na filimbi, na siachi bodi kwa sababu yoyote. Anayeliacha bodi ili aogelee ndiye huwa haonekani, maana kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni nazi moja.

Jambo jingine hukuuliza. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, najua vijana mnaanza kupigiana simu kwa furaha. Kilomita 40 ni noti 21 na ushei, upepo mtamu, sikatai. Lakini siku hiyo ngalawa na boti ndogo zimelala pwani. Maana yake yule mzee wangu hayuko.

Kaiti au tanga?

Mimi huyu unaniuliza mimi? Tanga. Kaiti, lile tiara kubwa linalomvuta mtu juu ya bodi, inabebeka kwenye begi na inaruka na upepo mdogo, ndiyo maana Paje imejaa kaiti. Upepo ukikata ghafla, mimi nina kitu cha kukalia.

Assalamu alaykum. Niko Muscat, Julai hakuna upepo, ni tanuri. Ndugu zangu Zanzibar wananitumia picha za kusi. Nifanyeje?

Wa alaykumu salaam. Kusi yao ndiyo kusi yako, ila inakupita pembeni. Ikitoka kwetu huvuma kutoka kusini-mashariki. Ikivuka ikweta, mzunguko wa dunia huipinda, na hadi ifike kwenu imekuwa ya kusini-magharibi. Ndiyo hiyo inayowaletea watu wa Salalah, kusini mwa Oman, manyunyu ya msimu wa khareef. Hulipiga kwa nguvu pwani ya Bahari ya Arabuni, Muscat iko upande mwingine. Endesha gari kusini uvuke kwa kivuko mpaka kisiwa cha Masirah, kati ya Juni na Septemba, na uchukue tanga dogo kuliko unavyodhani. Beba nguo nyembamba ya mpira, kwa sababu upepo huo huyavuta maji ya baridi kutoka kilindini, na mtu aliyetoka kwenye digrii 42 hushtuka.

Nachekeshwa na jambo moja. Manahodha walioleta majahazi Unguja kwa kaskazi walihakikisha wamefika kwao kabla kusi haijapamba moto, na ilipopamba walifunga safari. Wewe unaomba likizo kazini ili uifuate.

Ni kweli rekodi ya kasi iliwekwa Afrika? (Mombasa)

Kweli. Lüderitz, Namibia, mwaka 2015, Mfaransa Antoine Albeau alifikisha wastani wa noti 53.27 kwenye mita 500, zaidi ya kilomita 98 kwa saa. Hakufanya hivyo baharini mnapopajua. Walichimba mfereji mwembamba, upepo wa jangwani ukipita juu yake kwa pembe, maji yakibaki laini kama sinia. Kijana, wewe barua yako ya mwezi wa nne ilisema huwezi kugeuka bila kuanguka. Geuka kwanza.

Ziwa Victoria je? (Mwanza)

Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, mchana hutoka ziwani, kwa hiyo panda mchana. Kapime kichocho kila mwaka. Kuhusu mamba, waulize wavuvi wa mwalo huo huo, si wa mwalo jirani. Wingu jeusi likionekana, toka, usimalizie "mzunguko mmoja tu".

Nina miaka 52, mgongo si mzuri sana, mume wangu anacheka. Nimechelewa? (Tanga)

Dada yangu, mchezo huu hauvutwi kwa mgongo. Wanaoumia ni vijana wanaong'oa tanga majini kwa ubishi, miguu imenyooka. Wewe kunja magoti, nyosha mikono, egemea nyuma uache uzito ufanye kazi, maji yatoke juu ya tanga taratibu kabla hujalinyanyua. Baadaye utavaa mkanda wa kiunoni na mikono nayo itapumzika. Chagua siku ya noti nane hadi kumi, maji ya kiunoni yanayojaa, upepo unaopiga kando ya pwani. Vaa viatu vya majini kwa ajili ya miiba na matumbawe. Mume wako mpe kazi ya kushika mlingoti wakati unafunga bumu, na umkodie naye bodi. La lita 85 liko moja Kigamboni.